Kumbi za Sinema za Mitaa: Kumbukumbu za Mji na za Kiswahili Chake

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Lubumbashi akiambiwa kwamba anasema kindubile, aghalabu hucheka kidogo, kisha hukubali. Akiulizwa neno hilo limetoka wapi, ni wachache wanaoweza kujibu. Hata hivyo jibu lipo, nalo halipatikani katika vitabu vya sarufi, bali katika ukumbi wa sinema. Neno hilo ni mabaki ya picha zilizoonyeshwa miaka sabini hivi iliyopita katika mitaa ya miji ya Kongo, mbele ya vijana ambao wengi wao hawapo tena. Kumbi zenyewe nyingi zimefungwa, zimebomolewa, au zimegeuzwa kuwa maduka, maghala na nyumba za sala. Neno limebaki.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, jinsi sinema ilivyofika katika mitaa ya mji wetu, na nani alikuwa na ruhusa ya kuiangalia. Pili, alama iliyoacha katika lugha yetu. Tatu, sababu ya kukusanya kumbukumbu zake sasa, pamoja na njia ya kuzikusanya.

Neno «sinema» lina maana mbili katika matumizi ya watu: picha zenyewe, na mahali zinapoonyeshwa. Hatutazitenganisha maana hizo kwa nguvu, kwa kuwa wazee wenyewe hawazitenganishi. Mzee anapoanza kusimulia sinema ya ujana wake, mara nyingi hutaja kwanza njia aliyopita, rafiki aliyefuatana naye, benchi aliloketia na kelele za watu. Hadithi ya filamu huja mwisho, tena kwa vipande. Hapo ndipo lilipo shina la hoja yetu: kumbukumbu ya sinema ni kumbukumbu ya mji kwanza, ndipo ikawa kumbukumbu ya filamu.

2. Mji uliogawanywa, na sinema iliyogawanywa

Mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, uliwekwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli iliyotoka kusini ilipoufikia. Ulizaliwa kwa ajili ya shaba, chini ya kivuli cha kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoanzishwa mwaka 1906. Ramani yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: upande mmoja mji wa Wazungu, upande mwingine makao ya Waafrika, na katikati ukanda mtupu ambao haukuruhusiwa kujengwa. Kamalondo, iliyojulikana zamani kwa jina la Albert, ilitangulia. Kenya, Katuba na Ruashi zikafuata kadiri watu walivyoongezeka. Kando yake kulikuwa na kambi za kampuni, ambazo zilikuwa kama miji midogo yenye sheria zake.

Mgawanyo huo haukuishia kwenye nyumba. Uliingia pia katika burudani. Mwaka 1945 utawala wa Kongo ya Wabelgiji ulitoa sheria iliyokataza kumwingiza katika onyesho la sinema mtu asiyekuwa Mzungu wala Mwasia, isipokuwa kama filamu yenyewe ilikwisha kukaguliwa na kuruhusiwa kwa ajili ya Waafrika. Maana yake ni kwamba filamu moja ingeweza kuwa halali upande mmoja wa ukanda mtupu, na kuwa haramu upande wa pili, kwa umbali wa dakika chache za kutembea kwa miguu.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya siasa: wakubwa waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mwizi, mlevi au mshindwa juu ya kitambaa, heshima ya utawala ingepungua. Ya pili ilivikwa vazi la elimu. Ilidaiwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio, wala kuruka kwa hadithi kutoka mahali hadi mahali, na kwa hiyo anahitaji filamu za namna yake: fupi, za polepole, zenye funzo moja lililo wazi. Mawazo hayo yalienea katika makoloni ya Wabelgiji na ya Waingereza pia. Upande wa Kongo, L. Van Bever, aliyekuwa mtumishi wa idara ya habari ya serikali, aliyatungia kitabu kizima mwaka 1952 juu ya sinema kwa ajili ya Waafrika.

Tunayataja haya si kwa kufufua malalamiko ya zamani, bali kwa sababu yanafafanua tabia ya kumbukumbu zenyewe. Mahali ambapo kuketi kulikuwa na sheria, watu hukumbuka kiti kuliko picha. Mtu aliyekatazwa kupita mlango fulani, kisha baadaye akaupita, haisahau siku ile, hata kama jina la filamu limemtoka kabisa.

3. Kambi, misheni na gari la serikali

Basi Waafrika wa Katanga waliiangalia sinema wapi? Kabla ya kumbi za biashara kuzoeleka mitaani, mahali penyewe palikuwa hasa patatu.

Pa kwanza ni kambi ya kampuni. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Kambini mtu alipewa nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule. Burudani nayo iliingia katika hesabu hiyo: mpira, muziki, na sinema. Kwa macho ya kampuni, picha za jioni zilikuwa sehemu ya malezi kama vile kupima uzito wa watoto. Wafanyakazi waliipa kampuni jina la Changa-Changa, wakaisema kama mtu asemavyo juu ya baba: anayelisha, na anayekemea.

Pa pili ni misheni. Mapadri walitambua mapema kwamba picha huwavuta watu kuliko hotuba. Kule Léopoldville, Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut aliongoza kituo cha Kikatoliki cha sinema. Kule Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, wanaume wawili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, ambao kila siku walijiingiza katika matata. Wapo wazee wasioweza kutaja filamu hata moja ya Ulaya, lakini majina hayo mawili yakitamkwa mbele yao huanza kucheka.

Pa tatu ni uwanja wa wazi, ambapo gari la idara ya habari lilifika na mashine yake, likatundika kitambaa cheupe na kuonyesha filamu za afya, za kilimo, za ziara za wakubwa, na mwishoni kichekesho kidogo ili watu wasiondoke. Mbele ya kitambaa waliketi wengi. Aliyekosa nafasi aliweza kwenda nyuma yake, akaiona picha ile ile kinyume, mkono wa kulia ukiwa wa kushoto.

Mahali hapo pote palikuwa na mtu mmoja ambaye historia ya sinema imemsahau, na ambaye kwetu sisi watu wa lugha ni wa maana kuliko wote: msimulizi. Filamu nyingi zilikuwa bubu, au zilisema lugha ambayo watazamaji hawakuijua. Kwa hiyo alisimama mtu kando ya mashine, mara nyingine akiwa na kipaza sauti, akaeleza yanayotokea kwa lugha ya mahali. Utawala ulikuwa na lugha nne kubwa za kusemea na watu: Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili, huku Katanga, lugha ya kazi ikiwa Kiswahili, ndiyo iliyofaa pia kwa picha.

Tufikiri kidogo juu ya kazi ya mtu huyo. Alipaswa kusema haraka, kwa maneno ambayo mtu wa Kasai, wa Luapula, wa Rwanda na wa Lomami wangeyaelewa pamoja. Alipaswa kuwapa watu wa filamu majina yanayoshikika. Alipaswa kueleza theluji, lifti, au mahakama ya Ulaya kwa watu ambao hawakuwa wameviona, na kuifanya hadhira icheke kwa wakati unaofaa. Juu ya hayo, aliweza kusema jambo ambalo filamu haikulisema, na mkubwa wa Kizungu aliyeketi nyuma asingelitambua. Kwa maneno mengine, msimulizi alikuwa mfasiri, mwalimu wa lugha na mtunzi kwa wakati mmoja, tena bila kuacha karatasi hata moja nyuma yake.

Ufundi huo haukufa. Miaka mingi baadaye, video zilipoenea, Dar es Salaam ilipata wasimulizi wake wa Kiswahili, ambaye mashuhuri wao alijulikana kwa jina la Lufufu. Huko Uganda nako kukatokea wasimulizi wengi wa namna hiyo. Wataalamu wameandika juu yao kana kwamba ni jambo jipya. Kwa mtu anayeijua historia ya Katanga, si jambo jipya hata kidogo.

4. Kutoka kwa Buffalo Bill hadi kindubile

Serikali ilichagua filamu zenye mafunzo. Vijana walichagua nyingine. Katika miaka ya 1950, kule Léopoldville, kumbi za mitaani zilionyesha filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, zenye farasi, bastola na kofia pana. Filamu iliyosimulia maisha ya Buffalo Bill, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1944, ikawapa vijana jina. Walijiita «Bills». Walivaa kama watu wa filamu, walitembea kama wao, na mtaa wao mmoja uliweza kuitwa Texas. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola amewaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2016, akionyesha kwamba mchezo huo ulikuwa pia njia ya vijana maskini kudai heshima ya kiume katika mji ambao uliwanyima.

Pamoja na mavazi walikuwa na lugha, yaani Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno ya kubuni, ambayo watu wazima hawakuielewa. Iliitwa «hindoubill». Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina hilo ni maneno mawili yaliyounganishwa: «Hindou», kwa ajili ya filamu za Kihindi zilizopendwa wakati ule, na «Bill», kwa ajili ya Buffalo Bill. Katika neno moja tunazo sinema mbili, moja ya Bombay na moja ya Hollywood, zikikutana katika kinywa cha kijana wa Kikongo.

Neno halikubaki kwenye mto Kongo. Lilisafiri kuelekea mashariki na kusini, likabadili lugha ya kubebwa. Kule Bukavu, Didier Goyvaerts alieleza mwaka 1988 «indoubil» ambayo msingi wake haukuwa tena Lingala bali Kiswahili. Hapa Lubumbashi neno likapata kiambishi cha lugha, ki-, kama kilivyo katika Kibemba au Kifaransa, likawa kindubile. Georges Mulumbwa Mutambwa, wa chuo chetu, ameichunguza lugha hiyo kwa undani, akionyesha jinsi inavyojenga msamiati wake juu ya mwili wa Kiswahili cha Lubumbashi.

Hapa kuna funzo kwa mwanaisimu. Tukitazama neno kindubile kwa sarufi peke yake, tunaona kiambishi ki- na shina lisilo na maana. Maana imo nje ya neno, katika benchi la sinema. Na kadiri watu waliokaa katika benchi hilo wanavyopungua, ndivyo shina linavyozidi kuwa bubu. Hivyo historia ya burudani si pambo la isimu. Mara nyingine ndiyo asili ya neno yenyewe.

Jambo la namna hii si la Kongo tu. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, mtu mkuu wa filamu, yule ambaye hafi mpaka mwisho, huitwa «stelingi», neno lililotokana na maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia majina ya waigizaji. Watazamaji waliyasoma au waliyasikia, wakayafanya kuwa jina la mtu, kisha wakalitoa nje ya ukumbi: hata katika maisha ya kawaida, anayejiona hawezi kushindwa huitwa hivyo.

5. Mfano wa Unguja

Ili tuone kwamba mambo yangeweza kuwa kwa namna nyingine, yafaa kuulinganisha mji wetu na mji mwingine wa Waswahili, nao ni Unguja. Huko sinema haikuletwa na kampuni ya migodi wala na misheni. Ililetwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa wenyeji wa mji, miongoni mwao Hassanali Adamjee Jariwalla. Mwaka 1921 ukumbi wa Royal ulifunguliwa mtaa wa Vuga. Uliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata ukumbi mwingine, Majestic, ukasimama mahali pale pale.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyechapisha mwaka 2018 kitabu juu ya sinema za miji ya Tanzania, ameonyesha kwamba katika kumbi za namna hiyo watu wa rangi na dini mbalimbali waliingia kwa mlango mmoja. Utawala wa Kiingereza ulikagua filamu, na usawa haukuwa kamili. Lakini kilichowapanga watu ukumbini kilikuwa hasa bei ya tiketi. Palikuwapo pia maonyesho maalumu ya wanawake, ambayo yaliwawezesha wake na mabinti kutoka nyumbani bila kuvunja adabu. Filamu za Kihindi, kama vile Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilizungumzwa nyumbani kwa siku nyingi: je, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi? Kijana achague mchumba mwenyewe, au wazazi wamchagulie?

Ulinganisho huu haukusudii kuisifu Unguja na kuilaumu Lubumbashi. Unatuonyesha tu kwamba swali la kwanza la historia ya ukumbi si «filamu gani?», bali «ukumbi wa nani?». Mwenye ukumbi anayeishi kwa tiketi hutafuta kujua watu wanapenda nini. Mwenye ukumbi anayelea wafanyakazi hutafuta kujua watu wanapaswa kupenda nini. Tofauti hiyo huonekana hata katika kumbukumbu: kule pwani watu husimulia zaidi mapenzi na mavazi, hapa kwetu husimulia pia kambi, ruhusa na mkubwa.

6. Kumbi zilifungwaje

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, mlango uliokuwa na sheria ulifunguka. Kijana wa Katuba aliweza kununua tiketi na kuketi katikati ya mji. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi wa wazee wetu wa leo wanaikumbuka kwa furaha: filamu za Italia zenye wachunga ng'ombe, kama Django ya mwaka 1966, baadaye Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973 na kuacha nyuma yake vijana wa Afrika nzima wakirusha mateke barabarani.

Lakini sababu za kufungwa zilikwisha kuanza. Tunaweza kuzipanga nne.

Ya kwanza ni ya mali. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua ya kuzitwaa biashara za wageni na kuwapa wananchi walioitwa «acquéreurs». Biashara nyingi zilizotwaliwa zilikosa mtaji, vipuri na ujuzi. Ukumbi wa sinema huathirika upesi kwa hali hiyo, kwa sababu hutegemea vitu vya kutoka nje kila juma: filamu mpya, taa za mashine, na fedha za kigeni za kuvilipia.

Ya pili ni ya chombo. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966, na katika miaka ya 1980 video ikaingia mitaani. Mtu mwenye televisheni moja, mashine moja ya video na chumba chenye mabenchi aliweza kuonyesha filamu tatu kwa siku kwa bei ndogo mno. Ukumbi wa viti 300 hauwezi kushindana na chumba kisicho na gharama.

Ya tatu ni ya mkoa wetu hasa. Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kampuni isiyoweza kulipa mishahara haiwezi kulipia burudani. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao, «bana shaba», na kwa kweli baba huyo alipoondoka aliondoka na mengi: posho, hospitali, na picha za jioni.

Ya nne ni ya usalama. Uporaji wa mwezi wa kumi 1991, kisha kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993, kuliwafanya watu waogope usiku na waogopane. Sinema ni shughuli ya usiku, tena ya watu wasiojuana. Inahitaji imani kidogo kwamba aliye kando yako gizani ni mtazamaji kama wewe. Imani hiyo ilipovunjika, ukumbi ulibaki jengo tu.

Majengo hayakukaa matupu. Sali kubwa yenye viti vinavyoelekea upande mmoja, jukwaa mbele na mlango mpana nyuma, inafaa kabisa kwa ibada; ndiyo maana katika miji mingi ya Kongo makanisa ya uamsho yamezipangisha au kuzinunua sinema za zamani. Wapo wanaosikitika kwa mabadiliko hayo. Sisi tunaona kwamba watu bado wanakusanyika mahali pale pale kusikiliza msimulizi. Kilichobadilika ni masimulizi. Jambo la kusikitisha ni lingine: jengo linapobadilishwa bila maandishi yoyote juu ya lilivyokuwa, kizazi kinachofuata hakiwezi kujua kwamba palikuwa na kitu hapo.

7. Jinsi ya kukusanya kumbukumbu

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1955 amekwisha kufika miaka 80. Hii ndiyo sababu tunasema kazi isingoje. Mwaka 2000 chuo chetu kilishuhudia kuanzishwa kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliotuonyesha kwamba historia ya mji inaweza kuandikwa kwa kusikiliza wakaaji wake, kwa lugha yao. Mwanafunzi anayetafuta somo la kazi yake ya mwisho angeweza kuufuata mfano huo kwa kuchukua ukumbi mmoja tu wa mtaa wake. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza: tusianze kwa kuuliza majina ya filamu. Majina huchanganyika, na mzee aliyeshindwa kuyataja hudhani hana la kusema. Tuanze na kiti: ulikwenda na nani, mlipita wapi, mliketi wapi, nani alikuwa mbele yenu, nani alikatazwa kuingia? Majina ya filamu yatajileta yenyewe.

La pili: tunase Kiswahili kama kinavyosemwa, tusikisanifishe wakati wa kuandika. Hili si suala la mapambo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kuna kiishio -ka, ambacho huonyesha jambo la mazoea. Mzee akisema «tulikuwaka tunaenda siku ya Mungu», anaeleza desturi ya miaka. Akisema «ile siku ya Mungu tulienda», anaeleza tukio moja. Mwandishi anayegeuza yote mawili kuwa «tulikwenda siku ya Jumapili» amefuta tofauti kati ya mazoea na tukio, na kwa mwanahistoria tofauti hiyo ni kila kitu. Sarufi ya msemaji inatusaidia kupima ushahidi wake; tukiisahihisha, tunaharibu mizani.

La tatu: tuwatafute wanawake. Masimulizi mengi ya sinema ni ya wavulana, kwa kuwa msichana aliyeonekana ukumbini usiku aliweza kusemwa vibaya. Lakini kukatazwa nako ni kumbukumbu. Mama aliyesikia hadithi ya filamu kutoka kwa kaka yake, akaisimulia upya jikoni, ana sehemu yake katika historia ya sinema, na Kiswahili chake cha kusimulia kina thamani ile ile.

La nne: tusidanganywe na utamu wa zamani. Mtu anayekumbuka ujana wake huupaka rangi. Atasema kwamba ukumbi ulikuwa safi, watu walikuwa na adabu, na mji ulikuwa na amani. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini mtu huyo huyo, akiulizwa kwa upole, atakumbuka pia askari wa mlangoni, ukanda mtupu, na filamu ambazo hakuruhusiwa kuziona. Kumbukumbu zote mbili ni zake. Kazi yetu si kuchagua moja, bali kueleza jinsi zinavyokaa pamoja katika mtu mmoja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba sinema ya mtaa katika Katanga ilianza kama chombo cha malezi mikononi mwa kampuni, misheni na serikali. Kwamba vijana waliigeuza kuwa chao, wakatoa humo mavazi, mwendo na lugha. Na kwamba ilikufa kwa sababu za mali, za chombo, za mgodi na za hofu. Tumeona pia kwamba alama yake iliyo hai kuliko nyingine zote haimo katika majengo, bali katika maneno yanayotumika hata leo na watu wasiojua asili yake.

Kwa hiyo jukumu hili linatuhusu sisi wa idara za lugha kabla ya watu wa historia. Wao wanahitaji hati, na hati ni chache. Sisi tunahitaji sauti, na sauti bado zipo, huko Kamalondo, Kenya, Katuba na katika kambi za zamani za Gécamines. Kila mwanafunzi ana babu, nyanya au jirani wa umri huo. Kinasa sauti kimo katika simu yake, na nauli ya kwenda Katuba si kubwa.